Logi zenu zinaishi wapi?

Nikiitwa kuangalia mfumo wa ofisi yoyote hapa Dar, swali langu la kwanza ni hilo la logi, yaani faili ambamo kanzidata inaandika kila badiliko linapotokea. Nauliza kabla hata sijaomba nywila. Jibu ninalopata karibu kila mara ni la jambo jingine: "Tunafanya bakapu kila siku saa nane usiku." Ni jambo jema. Ila duka la jumla la Kariakoo hufunguliwa asubuhi na mapema, na ikifika saa kumi jioni limeshafunga mizigo ya Lusaka, Lubumbashi na Moroni. Diski ikifa saa hiyo, bakapu ya usiku inalirudisha duka lilivyokuwa jana lilipofungwa. Siku nzima ya leo imekwenda.

Fedha taslimu utazihesabu kwenye droo. Malipo ya simu utaomba taarifa yake kwa kampuni ya simu. Je, mali kauli? Kijana kachukua robota za vitenge asubuhi, kaahidi kulipa Ijumaa, na deni lake halijaandikwa popote isipokuwa kwenye kompyuta. Mzee mmoja ninayemhudumia Mtaa wa Kongo alinikatiza nikiwa katikati ya maelezo yangu ya diski: "Mwanangu, hayo ni yenu wataalamu. Mimi niambie kitu kimoja. Deni nililoandika mchana huu, mashine ikiungua jioni, nitamdai kijana kwa ushahidi gani?" Nikamwambia, "Mzee wangu, ushahidi wako uko kwenye logi. Ndiyo maana nataka logi ikae sehemu zaidi ya moja." Alielewa kuliko mameneja wengi wa TEHAMA niliokutana nao.

Kwa wasiozoea kazi hii nieleze kidogo. Maduka ya zamani yalikuwa na vitabu viwili. Kulikuwa na daftari la siku, ambamo kila kilichotokea kiliandikwa papo hapo kwa mfuatano wake, na kulikuwa na leja, ambamo kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Leja ikiungua, ukawa na leja ya mwaka jana pamoja na madaftari yote ya tangu siku ile, unakaa chini na kuiandika upya mpaka mstari wa mwisho. Kanzidata nayo ina faili za data na ina logi ya miamala. Programu za kanzidata za Oracle, PostgreSQL, SQL Server na InnoDB ya MySQL zote zinafuata kanuni hiyo: badiliko linaandikwa kwanza kwenye logi, logi inasukumwa mpaka kwenye diski yenyewe, ndipo keshia anaonyeshwa kwamba muamala umepita. Kurasa za data zenyewe huwa bado ziko kwenye kumbukumbu ya seva, zitashushwa baadaye kwa wakati wake.

Kwa hiyo kuna dakika nyingi za siku ambazo deni la yule kijana lipo kwenye logi peke yake. Umeme ukikatika na UPS ikazidiwa kabla jenereta haijanguruma, seva ikiwashwa tena inaanzia kwenye chekipointi ya mwisho, yaani pale kurasa za data ziliposhushwa kwenye diski mara ya mwisho, na kuirudia logi hatua kwa hatua. Wengi hawajui kwamba hilo linatokea, kwa sababu likienda vizuri mfumo unafunguka tu na kazi inaendelea. Sharti lake ni kwamba diski iwe inasema kweli. Zipo SSD za bei ya chini zinazojibu "nimeandika" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda, na hazina kapasita za kuzipa pumzi ya mwisho umeme unapoondoka. Katika jiji linalozimikiwa umeme namna hii, ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, nitakwambia SSD ya seva yenye kinga hiyo, na ndiyo iwekewe logi.

Sasa kuakisi, yaani kuiandika logi ile ile sehemu zaidi ya moja kwa pamoja. Nilijifunzia kazi kwenye Oracle, katika taasisi moja ya fedha upande wa Posta, na Oracle inalichukulia jambo hili kwa uzito tangu mwanzo. Logi zake zinapangwa kwa makundi, yasiyopungua mawili, na kila kundi unaweza kulipa faili zaidi ya moja zenye maudhui yale yale. Kazi ya ndani iitwayo LGWR inaziandika zote kwa pamoja. Faili moja ikiharibika, Oracle inaiwekea alama kwamba haifai, inalalamika kwenye kumbukumbu zake za matukio, na inaendelea na iliyobaki. Zikipotea zote za kundi linaloandikwa wakati huo, inasimama. Inasimama kwa makusudi, kwa maana haiko tayari kumwambia mtu muamala umepita huku haina pa kuuandika. Bosi anaona mfumo umezima na anakasirika, lakini kwangu mimi huo ni uaminifu.

Faida ya mpangilio huo inapatikana tu kama faili hizo ziko kwenye vifaa tofauti kweli. Nilishakuta seva, sitasema ya nani, ambapo nakala moja iko C na nyingine iko D, na C na D ni patisheni mbili za diski moja. Nilishakuta pia diski mbili halisi zilizoning'inia kwenye kontrola moja iliyochakaa, kile kifaa kinachoziendesha. Kwenye karatasi ya ukaguzi zote hizo zinaandikwa "logi zimeakisiwa". Usisome karatasi. Fungua boksi, fuata waya kwa kidole, uone kila diski inakwenda kuchomekwa wapi.

PostgreSQL, ambayo ndiyo wateja wangu wengi wanatumia siku hizi kwa sababu leseni yake haina malipo, haina makundi ya namna hiyo. Logi zake zinakaa kwenye folda iitwayo pg_wal, vipande vya MB 16 kila kimoja. Zamani folda hiyo iliitwa pg_xlog, na watu walikuwa wakiifuta diski inapojaa wakidhani ni takataka za kumbukumbu za mfumo, wakaamka hawana kanzidata. Ndipo toleo la 10 lililotoka 2017 likabadilisha jina. Bado nakutana na vijana wanaotaka kuifuta. Tafadhali, hata kama diski imejaa mpaka juu, usifute kitu ndani ya pg_wal kwa mkono.

Kwa PostgreSQL basi, kuakisi unakutengeneza mwenyewe. Chini kabisa naweka RAID 1, diski mbili zikiandika sawasawa. Juu yake naweka mashine nyingine, hata iwe kompyuta kuukuu, inayoendesha programu ya pg_receivewal. Hiyo inaivuta logi kutoka kwenye seva kadiri inavyoandikwa, haisubiri kipande kijae. Ukiipa jukumu la kusubiriwa, muamala hautahesabika kuwa umepita mpaka mashine ile ya pili ikiri kwamba nayo imeandika kwenye diski yake. Hapo deni la mali kauli liko kwenye mashine mbili kabla keshia hajamkabidhi mteja risiti.

Kuna gharama yake, na namweleza mteja kabla sijaiwasha. Mashine ya pili ikizimika na ndiyo pekee inayosubiriwa, malipo yote kaunta yanaganda. Kwa benki hilo linavumilika kwa sababu kuna watu wa zamu. Kwa duka la Kariakoo siku ya msimu, watu wamepanga foleni hadi barazani, halivumiliki. Kwa hao naiacha ivute bila kusubiriwa, na tunakubaliana kwamba katika hali mbaya kabisa tunaweza kupoteza sekunde chache. Napenda mwenye mali aseme kwa mdomo wake kwamba sekunde hizo amezikubali. Isiwe fundi ndiye aliyemwamulia.

Lakini pacha, yaani seva ya pili inayoirudia logi papo hapo, ana udhaifu mmoja mkubwa: anakutii hata unapokosea. Kampuni moja ya usambazaji wa vinywaji upande wa Tabata ilikuwa na kila nilichokieleza hapo juu, na seva pacha ya namna hiyo. Siku moja kijana wa hesabu akataka kufuta ankara moja ya majaribio, akaandika DELETE, akasahau WHERE, sharti linalosema ifutwe ipi. Ankara zote zikafutika, na seva ya pili, iliyokuwa ikipokea logi muda wote kwa utiifu, ikazifuta vilevile. Kilichowaokoa ni bakapu kamili ya Jumapili pamoja na vipande vyote vya logi vilivyohifadhiwa kando tangu Jumapili ile.

Nilipofika niliuliza ilikuwa saa ngapi. "Dada, kama saa tisa kasoro dakika kumi hivi." Mtu wa kwao aliyeanza kushughulikia kabla yangu alikuwa ameandika 08:50 kwenye maelezo yake. Saa tisa kasoro dakika kumi mchana ni 14:50, na seva yao ilikuwa imepangwa kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwenye logi tukio lile lilikuwa karibu na 11:50. Ukirudisha kanzidata mpaka 08:50 ya seva utakuwa umetupa karibu saa tatu za kazi halali, na ukirudisha mpaka 14:50 ya seva utakuwa umerudia kufuta kila kitu. Tangu hapo, katika kila ofisi, naandika ukutani kando ya seva saa yake inasomaje ukilinganisha na saa yetu.

Hata hivyo sikutegemea saa peke yake. Kwa programu ya pg_waldump nilisoma vipande vya muda ule, nikaona rundo la rekodi za kufuta zikiwa chini ya namba moja ya muamala. Kwenye mashine tofauti, mbali na seva ya kazi, nilirudisha bakapu ya Jumapili, nikaiambia PostgreSQL irudie logi mpaka ikaribie namba ile na isiuguse muamala wenyewe. Ankara zikarudi. Tukazichukua kutoka huko, tukazirejesha pamoja na zile zilizokuwa zimeingizwa baada ya tukio. Kijana wa hesabu alikuwa amekaa pembeni akitetemeka muda wote huo, na nilimwambia ukweli, kwamba mfumo unaomruhusu mtu wa hesabu kufanya hivyo moja kwa moja ndio wenye kosa.

Kwa hiyo vipande vya logi lazima vihifadhiwe kando, vyote, bila kukosa hata kimoja. Ni mnyororo. Kipande kimoja cha Jumanne kikipotea, vya Jumatano mpaka Jumamosi haviwezi kutumika tena juu ya bakapu ya Jumapili, hata kama vyote ni vizima. PostgreSQL inakuachia uandike mwenyewe amri ya kuhifadhi, archive_command, na inaamini jibu la amri hiyo: ikirudisha sifuri, seva inajua kipande kiko salama na inaweza kukitumia upya. Watu huandika cp tupu, amri ya kawaida ya kunakili faili, na kuondoka. Amri ile itakubali kuandika juu ya kipande kilichokuwapo, na itajibu sifuri kabla faili halijafika kwenye diski ya upande wa pili. Umeme ukikatika dakika hiyo, una faili lenye jina sahihi na tumbo tupu. Tumieni programu zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama pgBackRest au Barman.

Halafu kuna duka lenye shughuli ndogo. MB 16 zinaweza kuchukua saa kadhaa kujaa, na muda wote huo kipande hakijaondoka kwenye seva. Ukiweka archive_timeout ya dakika 5, hata kisipojaa kitafungwa na kusafirishwa ilimradi kuna kilichoandikwa. Hesabu yake ni vipande 12 kwa saa, MB 192, na kwa siku nzima isiyolala ni kama GB 4.6. Kwa mwenye kununua bando hilo ni jambo la kufikiria, ila vipande visivyojaa vikibanwa vinasinyaa sana, kwa hiyo bili halisi ni ndogo kuliko hesabu hiyo inavyotisha.

Vinasafirishwa kwenda wapi? Wengi walikuwa wakituma moja kwa moja kwenye wingu la nje ya nchi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Nakumbuka simu zilivyoanza kuingia. Logi zilikuwa hazitoki. PostgreSQL haitupi kipande ambacho hakijathibitishwa kwamba kimehifadhiwa, kwa hiyo pg_wal ikawa inavimba, na ikijaza diski seva inazima. Oracle nayo hifadhi ya logi ikijaa inasimamisha kazi na kutoa ORA-00257. Waliokuwa na diski kubwa walipumua. Wengine ilibidi tuwachomekee diski ya nje, tuelekeze hifadhi huko kwa muda, mpaka intaneti ilipotulia.

Tangu siku zile sikubali kwamba hatua ya kwanza ya logi iwe ng'ambo ya bahari. Inakwenda kwanza kwenye mashine ya jirani, kisha jengo jingine, kisha mbali, na kila hatua inafanya kazi hata kama inayofuata imekatika. Jengo jingine nalo lichaguliwe kwa akili. Kariakoo na Jangwani ni hatua chache, na aliyeona Bonde la Msimbazi katika mafuriko ya Desemba 2011 hahitaji kuelezwa kwa nini nakala mbili zisikae bondeni. Napendelea Mbezi au Goba juu, na kwa wenye tawi Dodoma, Dodoma.

Kwa wenye SQL Server, na mifumo mingi ya uhasibu mjini hapa inakaa juu yake, ninalokuta mara nyingi ni hili: kanzidata iko katika hali ya Full, inayotunza logi yote mpaka ichukuliwe bakapu yake, bakapu kamili inafanyika, bakapu ya logi haifanyiki. Faili la logi, la ldf, linakua mpaka linameza diski. Fundi anaitwa, anabadilisha kwenda Simple, hali isiyoitunza logi, analipunguza faili, anaondoka akishukuriwa. Diski imepata nafasi, ila mnyororo umekatwa, na mpaka ichukuliwe bakapu nyingine kamili au ya mabadiliko (differential) baada ya kurudi Full, hakuna kurejea dakika unayoitaka. Dawa ni bakapu ya logi kila dakika 15 au hata chini ya hapo. Ndiyo inayoruhusu nafasi ndani ya faili itumike upya. Na kama diski ya data imekufa lakini ya logi inapumua, usirudishe chochote kwanza. Chukua bakapu ya mkia wa logi, kwa BACKUP LOG yenye NO_TRUNCATE. Humo ndimo yalimo mauzo ya tangu bakapu ya mwisho, na wengi huyafuta kwa mikono yao kwa haraka ya kutaka mfumo uwake.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilipotelewa na data ya takribani saa sita, na wao wenyewe wakachapisha kisa chote. Seva yao ya pili ya PostgreSQL ilibaki nyuma, vipande vya logi ilivyovihitaji vikawa vimeshaondolewa kwenye seva kuu, na hawakuwa wakihifadhi logi kando. Ikabidi waijenge upya seva ya pili kwa mkono, na katika kuhangaika huko usiku, mhandisi akafuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya pili. Bakapu za pg_dump, programu ya kutoa nakala ya kanzidata, walizozitegemea zilikuwa zimeshindwa kimyakimya kwa kutofautiana matoleo, 9.2 na 9.6. Nakipa kisa hiki kila kijana anayejifunza kwangu akisome, kwa sababu kinaonyesha logi isiyohifadhiwa inavyoweza kuanzisha msururu mzima.

Ndiyo maana kila mwezi, kwa kila mteja, kompyuta moja isiyo na kazi inarudishiwa kanzidata nzima, bakapu na logi mpaka ya jana jioni. Siangalii kama faili zipo. Naingia ndani namtafuta mteja wa mwisho aliyeandikwa, namwita keshia, "Dada, jana wa mwisho uliyemuuzia alikuwa nani?" Majina yakilingana nasaini. Napima pia muda uliotumika, maana mwenye duka akiuliza mfumo utarudi lini anataka saa.

Jambo la mwisho linahusu usiri, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Logi ina majina, namba za simu na madeni ya watu, hata yale yaliyokwisha kufutwa kwenye kanzidata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na nakala iliyosahauliwa kwenye diski ya nje ndani ya droo ya ofisi haina ruhusa maalumu. Vipande visimbwe kabla havijaondoka kwenye seva. Ufunguo usikae kwenye seva hiyo hiyo, kwani seva ikiungua utabaki na nakala tatu zisizofunguka. Kwa wateja wangu ufunguo unachapwa kwenye karatasi, mmoja unafungiwa kwenye sefu ya mwenye mali, mwingine kwa mtu anayemwamini asiyekaa naye jengo moja, na tunapofanya jaribio la mwezi tunaanza kwa kuusoma kutoka kwenye karatasi hiyo.